Chai yangu ya barafu ilivyolishinda birika la Sefu, Kwamndolwa

Wakuu, nawasalimu. Walionizidi umri shikamooni, wadogo zangu marahaba hata kabla hamjasema.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Majina tu ndiyo nimeyabadili, kwa sababu wahusika wako hai na wajukuu wao wanasoma humu.

Nianze na kosa langu, asije mtu akasema nimelificha chini ya uzi.

Siku ya tatu ya Ramadhani, tumekaa kwenye mkeka tunasubiri adhana ya magharibi, wenzangu waliniomba nipeleke chai yangu ya barafu kwenye futari ya baraza. Nikawajibu, "Kesho naileta."

Nilipaswa kusema, "Hapana. Chai ya baraza hili inatoka nyumba ya Sefu." Ningesema hivyo watu wangecheka, tungefuturu, na leo nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Sasa niwaeleze taratibu.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na ushee. Naishi Kwamndolwa, hapa Korogwe, lakini asili yangu ni Handeni, Mzigua. Nilimaliza kidato cha nne wakati ambao kijijini kwetu aliyemaliza alikuwa anaonyeshwa kwa kidole. Nikapata ukarani kwenye shamba la mkonge, na mpaka leo mtaani naitwa Karani ingawa nilistaafu zamani.

Sefu tulitoka naye kijiji kimoja, siku moja, kwenye lori moja. Mimi nikaingia ofisini, yeye akakata mkonge, baadaye akapewa trekta. Tulijenga Kwamndolwa nyumba zikitazamana, katikati ni njia tu.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Nilipotaka kuoa milimani, wazee wangu waligoma. Walisema Wasambaa wako mbali na mlima ni mkali. Sefu ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Alipanda mara tatu kwa miguu. Mara ya kwanza hakupewa hata kigoda. Mara ya pili alirudishwa na mvua. Mara ya tatu alishuka na jibu, na jibu hilo ndilo huyu Mama Amina niliyenaye mpaka leo.

Kwa hiyo nikisema rafiki, muelewe uzito wake.

Sasa tuje kwenye mashine.

Binti yetu Amina anaishi Dar. Mwaka juzi alikuja likizo akanikuta nimekaa barazani kwangu na fulana, najipepea kwa kawa la kufunikia chakula. Mnaoijua Korogwe mwezi wa pili mnajua ninachosema. Safari iliyofuata akaja na boksi.

"Baba, hii ni ya kutengeneza chai ya barafu. Ya umeme. Unaweka maji, unaweka majani, unabonyeza, basi."

Mama Amina alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Chai baridi kwetu milimani anapewa aliyechelewa kuamka," akasema. "Mwanao kakuletea adhabu, tena kwenye boksi."

Wakuu, mashine yenyewe ni hivi. Ina tangi dogo la maji nyuma. Ina chujio la kuwekea majani. Chini yake linakaa jagi la plastiki ngumu, la lita mbili hivi, lenye mistari miwili: mstari wa maji na mstari wa barafu. Unapima maji kwa jagi lenyewe, unayamimina kwenye tangi. Halafu jagi tupu unalijaza barafu mpaka kwenye mstari wake. Unabonyeza swichi. Maji yanachemka huko ndani, yanapanda, yanadondokea kwenye majani, chai inashuka moto juu ya barafu. Ikimaliza inajizima yenyewe.

Ukiisoma hivyo unaona rahisi. Mimi ilinichukua wiki tatu.

Kosa la kwanza, nilitia maziwa kwenye tangi. Nilijiambia chai bila maziwa ni dawa ya tumbo, si kinywaji cha mgeni. Maziwa yakaungua, mashine ikatoa povu na harufu ya nguo iliyopigwa pasi ikasahaulika. Nilishinda mchana kutwa naisafisha kwa ndimu na maji ya moto huku Mama Amina akipita na kurudi, akiuliza kwa upole kama nahitaji kuni.

Kosa la pili, barafu. Huku tunatumia barafu za mifuko, zile ndefu wanazouza kina mama majumbani. Haziingii kwenye jagi. Nikaziweka zikiwa vipande vikubwa, chai ikashuka moto, barafu ikaelea juu kama kisiwa na chai chini vuguvugu. Sasa hivi naifunga barafu kwenye kitambaa safi, naitwanga kidogo kwa mchi, ibaki punje za ukubwa wa korosho. Ikiwa ndogo zaidi inayeyuka yote na chai inapoteza nguvu.

Kosa la tatu, sukari. Sukari ukiitia kwenye chai iliyokwisha kupoa inakaa chini inakutazama. Dawa yake niliigundua mwenyewe, haimo kwenye karatasi ya maelekezo. Naiweka sukari kwenye chujio pamoja na majani, maji ya moto yanashuka nayo.

Kosa la nne, nilizidisha majani. Chai kali ikikutana na barafu ghafla inakuwa na ukungu kama maji ya mto baada ya mvua. Haina ubaya mdomoni, ila macho yanaikataa. Punguza majani, itaangaza.

Na maji yenyewe. Bomba letu kipindi cha mvua linaleta maji mekundu. Nayaacha yatulie kwenye ndoo tangu asubuhi, nayachuja kwa kitambaa, ndipo yaingie kwenye tangi.

Majani natumia ya milimani kwa kina Mama Amina, ya kupima, si ya kwenye vifuko. Naongeza mchaichai wa uani kwangu, nimeuponda kidogo, na ganda jembamba la limau. Juisi ya limau naikamulia mwisho kabisa, chai ikiwa tayari, na hapo utaona ajabu: rangi inabadilika mbele ya macho yako, kutoka kahawia ya udongo inakuwa kama asali mpya.

Ile siku iliyotoka sawasawa, Mama Amina alichukua glasi, akaionja akiwa amesimama. Akakaa. Akamaliza. Akasema, "Iko sawa."

Wakuu, mke wangu ni mtoto wa mashamba ya chai. Neno hilo moja kwangu lilikuwa cheti.

Na sifichi, nilijivuna. Najivuna hata sasa. Sisi tuliokulia Handeni, maji ya kunywa tulichota lambo moja na ng'ombe, tukayachuja kwa kanga ya mama. Leo mtoto wa lambo namimina chai ya rangi ya asali, glasi inatoka jasho, na nimeitengeneza kwa mikono yangu. Acheni nijivune kidogo.

Tatizo langu halikuwa chai. Tatizo ni mahali nilipoipeleka.

Labda wa mjini hamjui utaratibu wetu. Mwezi wa Ramadhani wanaume wa upande wetu wa mtaa hatufuturu ndani. Tunakusanyika kwenye baraza moja, na kila nyumba inatoa chombo chake. Hakuna aliyewahi kugawa zamu wala kuandika. Imekaa hivyo tangu tulipokuwa vijana. Nyumba yangu inatoa magimbi. Kwa Fundi Juma, yule wa baiskeli, unatoka uji wa pilipili manga. Wengine mihogo, wengine maharage ya nazi. Nyumba ya Sefu inatoa mkeka, baraza, na chai.

Chai hiyo anaipika mke wake, Bi Mwanaidi. Tangawizi, iliki, mdalasini kidogo. Inakuja kwenye birika kubwa la bati, limefungwa kanga kuukuu lisipoe. Sefu mwenyewe ndiye anayemimina, akianzia kwa mkubwa wa mkeka. Siku hizi mkubwa wa mkeka ni mimi.

Na kuna adabu moja tuliyofundwa na mama zetu. Kwenye futari ya pamoja unaonja kila chombo, hata kama ni kijiko kimoja, hata kama hukipendi. Kwa sababu chombo kilichotoka nyumbani kimejaa kikirudi kimejaa, kilichokataliwa si chakula. Aliyekataliwa ni mpishi. Na wanawake wanajuana. Kesho yake bombani yule mama anaulizwa, "Jana kwako kulikuwa na mgonjwa?"

Haya nilikuwa nayajua tangu utoto. Siwezi kusema sikujua.

Basi siku ile ya tatu, joto lilikuwa kali, upepo hakuna. Habari za mashine zilikwisha sambaa. Fundi Juma ndiye aliyeanza.

"Karani, hiyo chai yako tunaisikia tu kama mpira wa redioni. Lini tutauona uwanja?"

Mwingine akadakia, "Anatufanyia choyo. Anakunywa na mkewe wamefunga mlango."

"Mwezi mtukufu huu, Karani! Unaficha barafu?"

Watu wakacheka. Sefu naye alicheka, alikuwa anapanga vikombe. Akasema, "Mwacheni. Karani tangu ujana alipenda kivuli. Sasa amefanikiwa kukitia kwenye glasi."

Tukacheka zaidi. Nikamtazama, akawa ananitazama, na vikombe vyake mkononi. Nadhani alikuwa ananisubiri niseme kitu. Hapo ndipo niliposema, "Kesho naileta."

Kesho yake nilianza kazi baada ya alasiri. Nilitengeneza jagi la kwanza, nikalihamishia kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, nikatengeneza la pili. Nilipovuka njia nimebeba ile ndoo, punje za barafu zinagonga kuta za ndoo, watu walinyamaza. Nimefanya kazi ya ofisi miaka mingi, sijawahi kunyamaziwa vile.

Adhana ikaadhiniwa. Tende, maji, halafu nikafungua kifuniko.

"Lahaula!" Fundi Juma alikunywa glasi nzima kwa pumzi moja, akafumba macho. "Karani, hii imenifika mpaka kwenye vidole vya miguu."

"Ongeza hapa!"

"Ngoja zamu wewe, ulifunga peke yako?"

"Kumbe mlikuwa mnaishi hivi humo ndani, na sisi tunawapa pole!"

Nilimimina mpaka mkono ukachoka. Sefu alipokea glasi yake, akanywa taratibu, akasema, "Tamu." Hakuisema kwa kinyongo. Kisha akafungua kanga kwenye birika, akauliza kama siku zote, "Haya, nani wa moto?"

Hakuna aliyejibu. Mzee mmoja tu wa pembeni, mwenye kifua, ndiye aliyesogeza kikombe. Sefu akammiminia. Akajimiminia na yeye. Halafu akanitazama mimi, mkubwa wa mkeka.

Nikainua glasi yangu kumwonyesha kwamba nimetosheka.

Tulipomaliza, kila mtu akakusanya chombo chake. Siku zote Sefu alikuwa analirudisha lile birika ndani linaning'inia kwenye kidole kimoja, tupu, analizungusha kama mtoto. Siku hiyo alilishika kwa mikono miwili, akatembea kwa uangalifu lisimwagike.

Niliona. Wakuu, niliona kabisa. Na moyoni nilifurahi.

Hapo siwezi kujitetea kwa uzee wala kwa joto. Nilifurahi.

Siku iliyofuata nilipeleka majagi matatu. Nikaongeza mnanaa. Watu wa mtaa wa juu wakaanza kushuka kufuturu kwetu. Mtu akinipita njiani ananiuliza, "Mzee Karani, leo ya limau au ya mchaichai?" Katika maisha yangu yote watu walinijia kuuliza mishahara imechelewa kwa nini. Sasa waliniuliza kitu kizuri, na mimi nilikuwa na jibu zuri.

Mama Amina ndiye wa kwanza kusema. Alinikuta natwanga barafu.

"Baba Amina. Mwanaidi jana hakuja bombani."

"Labda amechoka, mwezi huu."

"Birika limerudi limejaa siku tano. Wewe umekunywa chai yake lini?"

"Mimi tumbo langu haliwezi kuchanganya moto na baridi."

Akaushika mchi wangu. "Leo kunywa ya Mwanaidi. Hata kikombe kimoja. Wewe ukinywa watakunywa wote."

"Sijamkataza mtu kuleta chai," nikamwambia.

Naye akaondoka. Akisema na mimi jambo mara moja hataki kulirudia.

Katikati ya mwezi Sefu alitoka na birika dogo, lile la kutosha watu wawili. Siku chache baadaye akatoka na tende tu, ameziweka kwenye kisahani. Alipofika kwenye mkeka akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Leo kwangu hakuna chombo."

"Aa, Mzee Sefu, usijali," kijana mmoja akamjibu. "Kaa tu, vitu viko vingi."

Alimaanisha wema. Lakini sikilizeni vizuri: mtu anaambiwa "kaa tu" kwenye baraza lake, juu ya mkeka wake, kama mpita njia aliyekuta watu wanakula.

Sefu alikaa. Alikula tende mbili, akaenda kuswali. Hakurudi kwenye mkeka.

Kuanzia siku hiyo alifuturu msikitini, akitoka anaingia ndani moja kwa moja. Sisi tukaendelea kukaa barazani kwake mwenyewe hayupo. Jioni moja tulifika tukakuta mkeka haujatandikwa. Tukasimama tumeshika mabakuli, tunatazamana.

Fundi Juma akasema, "Twendeni kwa Karani. Na soketi iko karibu, hata barafu haitayeyuka njiani."

Tukavuka njia. Ni hatua kama kumi na tano. Neno la kwanza nilishalisema siku ya tatu, hili la pili wala sikuulizwa, nilitandika mkeka tu.

Na niwe mkweli, futari ilikuwa nzuri. Ndiyo, ilikuwa nzuri sana. Lakini kila nilipoinua uso niliuona mlango wa Sefu umefungwa, na mwanga chini yake.

Sikukuu ya Idi, baada ya swala, nikajiambia nikamwone. Na hapa nilifanya jambo la kijinga ambalo mpaka leo linanichoma. Nilikwenda na jagi. Nilitengeneza chai nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, nikaifunika kitambaa cheupe, nikavuka njia. Nilidhani zawadi ni zawadi.

Bi Mwanaidi ndiye aliyefungua.

"Karibu shemeji. Idi njema."

"Idi njema. Nimewaletea kidogo."

Aliliangalia jagi. "Ahsante, tumeshakunywa," akasema. Akanipisha nipite, na mimi nikakaa nimelipakata lile jagi magotini kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe.

Sefu alinipokea vizuri. Tuliongea mvua za Handeni, tuliongea mahindi. Halafu akasema mwanawe amejenga Handeni mjini, kuna vyumba viwili vya wazazi, watahamia huko mwezi unaofuata. Nyumba hii ataingia mpangaji.

"Ni kwa sababu ya chai?" nikamuuliza. Lilinitoka tu.

Akacheka. "Karani, mtu mzima ahame kwa chai? Mwanangu ananiita, naenda."

Bi Mwanaidi alikuwa bado amesimama mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na ndiyo maana sijaisahau:

"Shemeji, mimi sikuichukia chai yako. Vijana wapenda vipya, ni kawaida yao. Lakini siku ya kwanza ungeomba kikombe kimoja. Kimoja tu, wewe mkubwa wa mkeka. Nilikuwa nasikiliza dirishani. Nilikuwa nasubiri sauti yako."

Sefu akamwambia, "Basi, mama." Hakusema kwamba mkewe amekosea.

Niliomba radhi. Wakanisamehe, kwa maneno yote yanayotakiwa. Mwezi uliofuata lori likaja. Nilisaidia kupakia. Birika lile kubwa sikuliona kwenye mizigo, na sikuuliza.

Nilikaa nikijiambia muda utatengeneza. Muda ukapita. Yeye hapigi simu. Nikipiga anapokea, "Alhamdulillahi, wazima, msalimie Mama Amina," simu inakwisha. Zamani tukigombana mimi na mke wangu, Sefu ndiye aliyetusuluhisha, maana mshenga ndiye mwenye ndoa. Sasa tukigombana tunamalizana wenyewe, na ugomvi hauishi vizuri.

Mwezi uliopita nikapanda basi asubuhi, nikaenda Handeni. Stendi nikachukua bodaboda mpaka kwake. Safari hii sikubeba jagi wala chochote cha barafu. Nilibeba majani ya chai ya milimani, kilo moja, na tangawizi, nikajiambia nitamkabidhi Bi Mwanaidi na nitamwomba anipikie, ninywe mbele yake vikombe hata vinne.

Walinipokea kwa heshima kubwa. Nikawekewa kiti chenye mto. Bi Mwanaidi alipokea kifurushi kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia nacho ndani. Nikatulia nasikiliza kama nitasikia sufuria.

Nikasikia anamtuma mjukuu dukani.

Mtoto akarudi na soda. Ikafunguliwa mbele yangu, ikawekwa kwenye sahani yenye kitambaa, pamoja na biskuti.

Wakuu, kwa Sefu mimi sikuwahi kuwekewa soda. Miaka yote nilikuwa naingia kwake mpaka uani, najichukulia kikombe, najimiminia. Soda wanapewa wageni. Anapewa afisa mtendaji, anapewa bwana wa benki, anapewa mtu ambaye hujui anapenda nini.

Sefu akaniambia, "Karibu soda, Karani. Joto la leo kali."

"Nilikuwa na hamu ya chai ya shemeji," nikasema.

"Ah, huku siku hizi hatupiki sana chai," akajibu, akatabasamu, akaanza kuniuliza habari za wagombea wa mtaa.

Niliinywa yote. Nilipoaga walinisindikiza mpaka barabarani, kama wanavyosindikizwa wageni. Zamani alikuwa ananiaga akiwa amekaa.

Sasa niseme la kujifunza, halafu niwaachie.

Mashine haina kosa. Wenye kuitaka nunueni, fuateni niliyoandika juu: maji yaliyotulia, barafu punje za korosho, sukari kwenye chujio, limau mwisho, na maziwa yasikaribie tangi. Mimi bado naitengeneza. Jumamosi iliyopita nimepeleka ndoo mbili kwenye harusi ya jirani, zimeisha kabla ya pilau, na bwana harusi mwenyewe alinifuata kunishika mkono. Katika Kwamndolwa hii hakuna anayenishinda, na silisemi hilo kwa aibu.

Ila kitu chako kizuri kabla hujakipeleka kwenye mkeka wa watu, angalia kwanza nani alikuwa analeta kitu hicho kabla yako. Na kama umekwisha kukipeleka, basi uwe wa kwanza kusogeza kikombe kwake. Wakubwa wa mkeka hasa. Watu hawatazami unachosema, wanatazama unachokunywa.

Karibuni mchangie. Mwenye njia ya kunirudishia nilichopoteza aniandikie hapahapa, nasoma kila jibu. Anayetaka kunichamba pia ruksa, nimezoea, nimeoa Msambaa.

Kwa wanaouliza hasara ni nini, niiandike bila kuzunguka. Kwa kusema "kesho naileta" nimempoteza Sefu. Yuko hai, ana afya, yuko Handeni, basi moja tu kutoka hapa. Tulikuwa marafiki kwa zaidi ya miaka hamsini, na sasa mimi kwake ni mgeni.